Barua ya Wazi kwa Spika wa Bunge la Taifa: Mduara Huu Hauchoreki

Kwa Mheshimiwa Spika,
Bunge la Taifa, Majengo ya Bunge,
Nairobi.

MINTARAFU: KUPIGA MARUFUKU MAANDAMANO NJE YA NYUMBA ZA WANASIASA

Mheshimiwa Spika,

Pokea salamu zetu za heshima. Tumekaa kimya tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha tukitumaini kwamba hasira zitapoa na sheria zilizopo zitasomwa upya kwa utulivu. Badala yake, mwaka 2025 ukachapishwa Mswada wa kurekebisha Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, unaokataza watu kukusanyika ndani ya mita 100 kutoka Bungeni, mahakamani na maeneo mengine yanayolindwa. Atakayekiuka atozwe faini ya hadi shilingi 100,000 au afungwe hadi miezi 3, au yote mawili. Na sasa kuna wanaotaka nyumba za wanasiasa nazo ziingizwe kwenye mduara huo. Hapo uvumilivu umetuishia.

Tuanze na ukweli usiopendeza kwa upande wetu. Juni 25, 2024, wabunge 195 walipiga kura ya kupitisha Mswada wa Fedha, 106 wakaupinga, na kuanzia siku hiyo nyumba na biashara za baadhi ya wabunge zikavamiwa. Huo ni uhalifu na hatuutetei. Ndani ya nyumba ya mbunge mna watoto, mna mzee mgonjwa, mna mfanyakazi wa nyumbani. Hakuna kati yao aliyepiga kura Bungeni. Lakini Mheshimiwa, kuchoma nyumba ya mtu ni kosa la kifungo cha hadi maisha chini ya kifungu cha 332 cha Kanuni ya Adhabu. Kuharibu mali kwa makusudi kuna kifungu cha 339. Kuingia kwenye boma la mtu bila ruhusa kuna sheria yake pia. Kama waliofanya hayo hawakushtakiwa, kasoro iko kwenye upelelezi, na mduara wa mita 100 hautakusanya ushahidi ambao haukukusanywa.

Sasa tuuchukue huo mduara tuupime. Mita 100 kila upande kutoka kwenye lango ni zaidi ya hekta 3, karibu eka 8. Kwenye mtaa wa ploti za futi 50 kwa 100, hapo mna ploti zaidi ya 60 ukihesabu na barabara. Bunge lako lina wabunge 349. Seneti ina maseneta 67. Magavana ni 47, na wawakilishi wa wadi (MCA) waliochaguliwa ni 1,450. Wengi wana nyumba zaidi ya moja: ya mjini wanakofanyia kazi na ya mashambani walikozaliwa. Wengine wamepanga, na wanahama. Je, mwenye mkahawa, mwenye kanisa, au wanachama wa chama cha wauza mboga wanaotaka kuandamana kuhusu soko lao, watajuaje kwamba kona waliyosimama iko mita 90 kutoka nyumbani kwa MCA?

Kuna njia mbili tu. Ya kwanza ni kuchapisha kwenye Gazeti Rasmi la Serikali orodha ya nyumba zote hizo, ili raia ajue mpaka uko wapi. Mkifanya hivyo mtakuwa mmempa kila mhuni ramani ya mahali mbunge analala, familia yake ikiwemo. Ya pili ni kuficha orodha, halafu mtu akamatwe kwa kuvuka mstari ambao hakuwahi kuonyeshwa. Kifungu cha 24 cha Katiba kinataka sheria inayobana haki iwe wazi na mahususi, na kinataka kwanza itazamwe kama kuna njia nyingine isiyobana sana. Mduara wa siri haupiti hapo. Wa kutangazwa unaweza kuwaua wale wale unaodai kuwalinda. Tumeligeuza jambo hili kila upande na hatuoni njia ya tatu.

Wanaounga mkono marufuku hupenda kutaja nchi za nje, basi tuzitaje sawasawa. Uingereza, sheria ya mwaka 2001, kifungu cha 42, inampa afisa wa polisi aliye pale mlangoni uwezo wa kumwambia mtu aondoke ikiwa kukaa kwake kunawasumbua au kuwatia hofu wenye nyumba. Tangu 2005 anaweza pia kumwamuru asirudi kwa hadi miezi 3. Anaangaliwa mtu huyu, mlango huu, tabia hii. Marekani, mwaka 1988, Mahakama ya Juu iliukubalia mji wa Brookfield, Wisconsin, kukataza watu kukita kambi mbele ya nyumba moja, lakini kupita kwa maandamano kwenye mitaa ya makazi kukabaki halali. Tofauti ya kupita na kukita kambi ndiyo tunayowaomba muione.

Maana kinachoharibika nje ya nyumba ya mwanasiasa kinajulikana na kinaweza kuelezwa hatua kwa hatua. Mitaa mingi ya makazi ina geti moja la kuingilia na kutokea. Umati ukiingia hadi ndani, polisi husimama getini nyuma yao, halafu hutoa amri ya kutawanyika. Watawanyike kwenda wapi? Wa mbele hawaisikii amri, wa nyuma wanasukumwa, na gesi ya kutoa machozi inarushwa mahali pasipo na upepo. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hupenya chini ya mlango, na ikishaingia chumbani haitoki upesi. Wa kwanza kukohoa ni mtoto wa jirani aliyelala kwenye godoro sakafuni. Watu wakikosa pa kutokea huruka kuta, na anayeruka ukuta wa mbunge huhesabiwa mvamizi, hata kama alikuwa anatafuta hewa tu.

Wanaojua kazi hii hawapeleki umati ndani ya barabara isiyo na upande wa pili. Husimama kwenye barabara kuu, hatua 30 au zaidi kutoka langoni, ili gari litoke na ambulensi iingie. Wasimamizi, angalau mmoja kwa kila watu 20, hushikana mikono wakilipa lango mgongo na kuutazama umati, kwa sababu jiwe la kwanza hutoka nyuma wala halitoki mbele. Watu wawili tu ndio huenda na barua hadi kwa soja, mlinzi wa lango. Saa 11 jioni wanaanza kuondoka, kwa kuwa muda wa sheria unakwisha saa 12.

Na mambo hayo yote yangeweza kupangwa na polisi mapema, Mheshimiwa, kama notisi zingepokelewa. Kifungu cha 5 cha Sura ya 56 kinataka notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi (OCS) siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Iwe na jina na makazi ya mwandaaji, tarehe, saa, na mahali au njia itakayopitiwa. Ni notisi, sheria haikusema kibali. Unapeleka nakala mbili, moja ibaki kituoni, ya pili igongwe muhuri na kuandikwa tarehe na saa. Hapo ndipo shughuli huharibikia. OCS hayupo. Njoo kesho. Nenda kwa mkubwa wake. Siku 3 zinakuwa 2, na notisi imeshachelewa bila kosa la mwandaaji. Bila muhuri, mkutano unaitwa haramu, waandaaji wenye busara wanarudi nyumbani, na wanaojitokeza barabarani ni wasio na msimamizi yeyote. Sheria hiyo hiyo inataka kituo kiwe na rejista ya notisi iliyo wazi kwa umma saa za kazi. Ombeni kuiona kwenye kituo chochote cha karibu nanyi.

Mtauliza kwa nini watu waende nyumbani wakati kuna ofisi ya eneo bunge. Waulizeni waliokwenda ofisini: mlango umefungwa, au yupo karani asiyeruhusiwa kusaini kwamba amepokea barua. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 104 kinampa mpiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha, na tangu 2010 hakuna aliyewahi kuondolewa hivyo, kwa kuwa utaratibu mlioutunga ulianguka Mahakama Kuu mwaka 2017. Mliahidi kusikiliza baada ya Juni 2024. Kusikiliza kunahitaji mahali.

Kwa hiyo tunaomba, kwanza, nyumba za wanasiasa zisiingizwe kwenye mduara wowote. Pili, ofisi ya kila mbunge iwe na siku moja kwa wiki ya kupokea maombi kwa saini. Tatu, OCS alazimike kugonga muhuri siku ile ile notisi inapofika, na akikataa, kukataa kwake kuhesabiwe kuwa amepokea.

Hata mkikataa mawili ya kwanza, Mheshimiwa Spika, tupeni hilo la tatu. Sentensi moja tu ndani ya kifungu cha 5: notisi ikifika kituoni, igongwe muhuri siku hiyo.

Ni sisi, kwa heshima,
Waandaaji na waandishi wa notisi za mikutano ya hadhara