Mshipi wa kilo 22 uliokatika kwa kilo 11

Kunduchi Pwani,
Dar es Salaam.

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vifaa vya Uvuvi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ROLI ZA MSHIPI WA NAILONI, NDOANA NA KARATASI YENU YA MAELEKEZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mvuvi wa mshipi hapa Kunduchi. Navua usiku na alfajiri kwa boti ya faiba, pamoja na mdogo wangu. Wiki tatu zilizopita nilinunua dukani kwenu roli tatu za mshipi wa nailoni: moja yangu, moja ya mdogo wangu, na moja aliniagiza jirani. Kila roli shilingi 18,000. Kibandiko kinasema unene milimita 0.60, nguvu kilo 22, urefu mita 300. Nilichukua pia pakiti mbili za ndoana, na muuzaji akanipa karatasi yenu ya maelekezo. Risiti ninayo.

Usiku wa tatu wa kuutumia tulitia nanga nje ya mipaka ya hifadhi ya kisiwa cha Mbudya, kwenye mwamba tunaoujua tangu enzi za baba yetu. Maji yalikuwa yameanza kujaa, chambo chetu vipande vya ubavu wa kibua. Mdogo wangu akanasa kolekole. Tulimwona alipolala ubavu karibu na boti, taa ikimmulika, hapungui kilo nane. Alipochomoka kurudi chini mdogo wangu alimpa mshipi. Hakuufunga mkononi wala hakuukanyaga, aliuachia upite kwenye vidole alivyovivalisha vipande vya mpira wa baiskeli. Kulegeza anajua, nimemfundisha mwenyewe. Mshipi ukakatika pima tatu juu ya chubwi, ule uzito wa kuzamishia ndoana.

Nilivuta kilichobaki nikaisogeza ncha kwenye taa. Mshipi uliokatika husema wenyewe kilichouua. Fundo likifyatuka, ncha huja imejisokota kama mkia wa kinyonga. Ukisagwa na mwamba, ncha huwa na manyoya, na ukipitisha ukucha juu yake unakuta mikwaruzo. Huu wetu ulikatika wima, msafi, na juu ya pale ulikuwa laini hadi mwisho. Hapakuwa na fundo la kulaumu wala jiwe. Ni nailoni yenyewe iliyoshindwa.

Nilipowaletea, muuzaji wenu aliniambia, "Mzee wangu, baharini vitu hukatika." Hukatika, kweli. Kwa hiyo sikubishana naye, nilirudi nyumbani nikaupima.

Nilitumia roli ya jirani, ambayo haijawahi kuguswa na maji. Niliuzungusha mshipi mara kumi kwenye mpini wa jembe niliolaza juu ya matawi mawili ya mwembe, bila fundo, ili fundo lisije likasingiziwa. Upande wa chini niliuzungusha vivyo hivyo kwenye kipande cha bomba kilichobeba ndoo ya lita 20. Ndoo na bomba tulivipima dukani kwa mizani, vikatoa kilo moja. Mke wangu akawa anamimina maji kwa kopo la lita moja, polepole, kwani lita ya maji ni kilo. Kopo la kumi liliingia lote. La kumi na moja lilikuwa bado linamiminwa ndoo ilipoanguka. Tulirudia mara mbili zaidi, ikawa karibu palepale, kati ya kilo 11 na 12. Kisha nikafunga mshipi wangu wa mwaka jana, unene uleule, wa duka jingine. Ndoo ilijaa mpaka ikamwagika, na mshipi umesimama.

Siku iliyofuata niliupeleka kwa fundi wa gereji mwenye maikromita. Sehemu moja ilikuwa milimita 0.55, nyingine 0.52, nyingine 0.47. Sikupata hata mahali pamoja penye 0.60. Urefu niliupima kwa futi ya fundi cherehani kati ya minazi miwili: mita 271.

Sitaki mseme siijui nailoni. Najua hunywa maji na kupungua nguvu ikilowa, na najua kila fundo, hata likifungwa na bingwa, linakula sehemu yake. Mshipi ulioandikwa kilo 22 mimi huuhesabu 16 au 17 kazini, na kwa hesabu hiyo kolekole wa kilo nane ni wa kwetu. Lakini ukianzia 11, ukitoa maji na ukitoa fundo, unabaki na nane au tisa, na samaki yule akikimbia kuelekea mwambani huivuta hiyo bila taabu.

Tena mshipi wa kilo 11 si mbovu. Kwa changu na tasi kwenye maji mafupi ni mzuri sana, maana mshipi mwembamba haubebwi na mkondo na samaki hawaushtuki upesi. Mngeandika 11 ningeununua kwa kazi hiyo na tusingekuwa na ugomvi. Usiku, baharini, mvuvi hana mizani. Ana kile kilichoandikwa kwenye roli, na kwa hicho anaamua atavua nini, atafunga ndoana ipi, na amvute samaki kwa nguvu au amwachie. Ninyi mmemdanganya katika jambo hilo moja analolitegemea.

Na mshipi uliobaki chini pale haujaoza. Una ndoana na chubwi, na nailoni haiozi upesi. Utajizungusha kwenye matumbawe, na kasa akipita atanasa. Hilo linaniuma kuliko hata kolekole.

Kuhusu ndoana: pakiti imeandikwa kuwa hazishiki kutu. Baada ya kulala majini siku mbili zilikuwa nyekundu kwenye tundu. Ndoana ya kushika kutu siikatai. Ikibaki kinywani mwa samaki aliyeponyoka, chumvi huila ikaisha, na ya chuma kisichoshika kutu hukaa humo muda mrefu zaidi. Ninachokataa ni kuuziwa kimoja kwa jina la kingine.

Karatasi yenu ya maelekezo inaonekana iliandikwa na mtu wa ziwani, tena asiyevua. Inasema mshipi ukitoka majini uanikwe juani. Jua ndilo linaloua nailoni. Mshipi husuuzwa kwa maji baridi kuondoa chumvi, ukakaushwa kivulini, ukawekwa mahali pa giza. Inasema fundo livutwe kwa nguvu mpaka likaze, haisemi lilowekwe. Fundo kavu likivutwa haraka hujichoma lenyewe kwa msuguano, na kijana anayeanza hatajua kwa nini kila samaki mkubwa anamkatia pale pale kwenye ndoana. Mate yanatosha. Inasema pia kwamba namba ya ndoana ikipanda, ndoana inakuwa kubwa. Ni kinyume: namba 6 ni kubwa kuliko namba 10, na ni zile zenye mkwaju na sifuri tu, kama 2/0, ndizo zinazokua namba inapopanda. Kijana akienda kuvua tasi kwa karatasi hiyo atatumia ndoana isiyoingia kinywani mwa samaki huyo.

Chubwi mmeandika uzito mmoja tu. Hapa kwetu wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unapeleka chubwi hiyo mbali na chambo hakigusi chini. Wakati wa maji mafu, mkondo unapolegea, uzito huohuo ni mkubwa na hutasikia samaki mdogo anapodonoa. Na kwa nguru hamkutaja waya wa kufungia ndoana hata mara moja, wakati meno yake hukata nailoni ya unene wowote mnaouza.

Naomba yafuatayo. Mnirudishie shilingi 54,000 za roli tatu, pamoja na bei ya ndoana. Mziondoe rafuni roli zote zenye namba ya toleo iliyopo kwenye kibandiko nilichoambatanisha, mpaka zipimwe na Shirika la Viwango Tanzania. Zikipimwa na kukutwa ni kilo 11, ziuzwe kwa kuandikwa kilo 11 na kwa bei yake. Karatasi ya maelekezo iandikwe upya, na wazee wa mshipi wa hapa Kunduchi tuko tayari kukaa na mtu wenu siku nzima, bila malipo, ili iwe sahihi.

Nasubiri majibu kwa siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipoyapata, nitapeleka nakala pamoja na mshipi wenyewe Tume ya Ushindani, na suala la mita 29 zilizopungua Wakala wa Vipimo.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, kibandiko cha roli, ndoana mbili zenye kutu, na mita tano za mshipi kutoka roli ya jirani. Upimeni wenyewe kwa ndoo mbele ya muuzaji wenu.

Wako mwaminifu,

Mvuvi wa mshipi,
Kunduchi Pwani.