Barua kwa Kaka kuhusu futari ya mtaa

Blackpool, Uingereza

Kaka yangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itawakuta nyote wazima, wewe, shemeji, watoto, na Mama kabla ya wote. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Kazi ya kuwahudumia wazee inaendelea, na baridi ya huku nimeshajua namna ya kuishi nayo.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Umesema kamati ya msikiti inakusanya michango ya Ramadhani kwa ajili ya kaya zisizojiweza, kwamba ndugu walioko Muscat wameshaahidi unga, mchele na mafuta, na kwamba vitagawiwa uwanjani mchana, turubai lifungwe, mgeni rasmi aalikwe na picha zipigwe. Ukaniuliza nitatoa kiasi gani. Kutoa nitatoa, Kaka, wala hilo lisikupe wasiwasi. Ila kuhusu uwanja na picha nina neno, na nimeona niliandike badala ya kulisema kwenye simu, ili upate kulisoma mbele ya wenzako wa kamati.

Siku nisizokuwa zamu huwa naenda kujitolea kwenye benki ya chakula ya hapa mjini, yaani mahali wasio na chakula wanapopewa bure. Najua Mama atauliza, Uingereza nako kuna njaa? Ipo. Blackpool ni mji wa pwani uliojengwa kwa ajili ya wageni wa kuogelea na kutembea ufukweni. Una mnara wa chuma uliofunguliwa mwaka 1894, na taa za barabarani ambazo watu husafiri kutoka mbali kuja kuzitazama. Zamani wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini walikuja hapa kwa maelfu kila kiangazi. Baadaye, ndege za bei nafuu zilipoanza kuwapeleka Uhispania kwenye jua la uhakika, nyumba za wageni zikabaki tupu. Nyingi zikagawanywa vyumba vidogo vya kupanga, na waliohamia humo ni watu waliokosa pa kukaa kwingine. Serikali ilipopima hali ya maisha mtaa kwa mtaa mwaka 2019, mitaa 8 kati ya 10 iliyokuwa duni kuliko yote katika England ilikuwa ya Blackpool. Wa kwanza wenyewe ni Jaywick, huko Essex, nao uko pwani vilevile.

Kazi nazo ni za msimu. Kiangazi kikiisha, hoteli na michezo ya ufukweni hupunguza watu, kama kwetu Pangani kusi likichachamaa ngarawa zikalala mchangani na daftari la madeni dukani likaanza kujaa. Mpishi aliyekuwa na kazi mwezi wa nane, mwezi wa kwanza anahesabu sarafu ili aongeze umeme. Ndiyo, na huku kuna mita za kulipia kabla kama luku yetu, na mpangaji wa chumba kidogo mara nyingi ndiye anayefungiwa mita hiyo. Ubaya wake ni kwamba kuna tozo ya kila siku, utumie usitumie. Ukikaa wiki mbili bila kuweka pesa, siku utakayoweka, sehemu yake inaliwa na deni kabla taa haijawaka.

Sasa nikueleze tunavyogawa, maana hapo ndipo lilipo jambo langu. Mtu haji kupanga foleni barabarani. Daktari, mwalimu wa mtoto wake, au ofisi ya ushauri humwandikia vocha, na yeye huja nayo kwenye ukumbi wa kanisa. Akifika anakaribishwa kiti na chai. Mmoja wetu anakaa naye na kumuuliza taratibu: mko wangapi nyumbani, kuna mtoto mchanga, kuna mwenye kisukari, una jiko? Hilo la jiko sikulitegemea. Kuna watu wanaoishi kwenye chumba chenye birika la umeme tu, hivyo huandaliwa vyakula vya kumwagia maji ya moto. Anayekula halali anaeleza, na tunaiondoa nyama ya kopo, mahali pake tunaweka samaki au maharage. Kisha anaondoka na chakula cha siku tatu au zaidi kwenye mifuko ya kawaida, ile ile ya dukani. Akikutana na jirani njiani, jirani ataona mtu ametoka sokoni.

Hakuna anayepigwa picha, Kaka. Wafadhili wapo, tena wakubwa, na wanapewa hesabu: kilo ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, watu wazima wangapi, watoto wangapi. Nyuso hawapewi, na michango haijakoma kwa sababu hiyo.

Pembeni ya ukumbi kuna meza ya mshauri wa madeni na stahiki. Mimi naiona meza hiyo kuwa na maana kuliko rafu zote za makopo. Mama mmoja alikuja na watoto wawili. Alikuwa ameomba posho ya serikali, na malipo ya kwanza ya posho hiyo huchukua kama wiki tano kufika. Unaweza kuomba upewe sehemu mapema, lakini huo ni mkopo, unakatwa kidogo kidogo kwenye malipo yajayo. Alikuwa ameuchukua, umeisha, na barua za wadai alikuwa nazo kwenye mkoba hata hajazifungua. Mshauri alizifungua pamoja naye moja moja, akapiga simu, akapanga naye jinsi ya kulipa kidogo kidogo. Chakula chetu kingemfikisha Jumanne. Barua zile zilizofunguliwa ndizo zilizomwezesha kulala.

Hata sisi wageni tunapokelewa. Viza yangu inasema sina haki ya fedha za umma, lakini chakula cha hisani hakihesabiwi humo. Wenzangu kutoka Zimbabwe na Kerala ya India, walioahidiwa saa nyingi za kazi ya uangalizi kisha wakapewa chache, wamekaa kwenye viti vile vile wakanywa chai ile ile.

Sisemi huku ndiko kila kitu kimekaa sawa. Mtandao mkubwa wa benki hizi, Trussell, ulifungua ya kwanza mjini Salisbury mwaka 2000. Kati ya Aprili 2023 na Machi 2024 ulitoa vifurushi zaidi ya milioni 3 nchi nzima, na wao wenyewe wanasema wazi lengo lao ni watu wasizihitaji benki za chakula tena. Wazee ninaojitolea nao huumia kuona kazi waliyoianza kama dharura imekuwa ya kudumu. Hilo nalo liingie kwenye mazungumzo yenu: TASAF, mfuko wa serikali yetu, umekuwa ukizipa ruzuku kaya maskini, na wapo wanaostahili ambao hawamo kwenye orodha, kwa sababu hakuna aliyewasaidia kupeleka habari zao kwenye mkutano wa mtaa. Kamati ikiwa na kijana mmoja wa kuandika na kufuatilia, faida yake itapita mwezi wa Ramadhani.

Kwa hiyo, Kaka, ninayoomba ni haya. Uwanja na turubai viacheni. Orodha ishikwe na watu wawili, imamu na mama mmoja anayeaminika, maana kuna mambo mjane hatamwambia mwanamume. Vitu vipelekwe majumbani usiku baada ya tarawehe. Waulizwe kwanza wanachohitaji. Yule mwenye mchele anaweza kuwa hana mkaa, na akina mama wanaolima mwani wakati mwingine shida yao ni kamba za kufungia mwani na si unga. Zaidi ya yote, sehemu ya pesa iende kwenye madaftari ya maduka. Mpite kwa mwenye duka, muulize nani amekwama, mlipe, na jina la mlipaji lisitajwe. Mwenye deni ni miongoni mwa wale wanane wanaostahiki zaka, imamu analijua hilo kuliko mimi, lakini kila mwaka tunawakumbuka maskini na mafukara, yeye tunamsahau.

Ndugu wa Muscat wakitaka ushahidi wapelekewe risiti na hesabu. Nitawaandikia mwenyewe ukiona inafaa. Unakumbuka marehemu Baba alivyokuwa akimtuma mtoto na kikapu kilichofunikwa kwa kawa, na kumkataza kusema kimetoka nyumba gani? Hakuna nyumba iliyopokea kikapu kile ikashindwa kututazama usoni asubuhi yake.

Mchango wangu nitautuma kwenye simu ya shemeji mshahara ukiingia. Nusu ni ya chakula, nusu ya madaftari, na nauli ya kivuko kwa watakaopeleka upande wa Bweni nimeiongeza juu yake. Hela ya dawa za Mama ni mbali, usizichanganye. Mwambie aendelee na zile za presha hata akijisikia nafuu. Nijibu kamati wakishakaa, hata kama wamekataa, nijue walichosema.

Wasalimie wote wanaoniulizia.

Wabillahi tawfiq,
Dada yako