Povu kwenye glasi si wizi, ila kuna povu na povu

Lalamiko linalofika kaunta yetu mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nimelipia bia, mmenipa povu." Baa ikishazeeka na mtaa, wateja wake husema bila kupepesa macho, na sisi tunampenda huyo kuliko anayekunywa amenuna kisha asionekane tena. Jibu lake ni refu kidogo, na mhudumu aliyebeba trei siku ya Ijumaa usiku hana nafasi ya kulitoa lote.

Bia ya pipa ina gesi ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka ndani yake, na kinachoituliza humo ni baridi na mgandamizo. Koki ikifunguliwa mgandamizo unashuka, gesi inapanda kwa vipovu, na vipovu vinabeba protini za shayiri pamoja na uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia ukali wake. Hivyo ndivyo vinavyoshikana hadi kufanya kile kifuniko cheupe. Soda ina gesi tele, lakini povu lake hufa papo hapo kwa kukosa protini hizo. Na harufu ya bia huifuata pua kupitia povu, kwa hiyo anayeomba amiminiwe bila povu kabisa anapunguza utamu wa kitu alichokilipia. Sisi tunalenga povu la unene wa vidole viwili. Glasi ina mstari wa kipimo: bia ifike kwenye mstari, povu likae juu yake. Ukisubiri dakika moja likatulia, bia ikabaki chini ya mstari, hapo umepunjwa, irudishe ijazwe. Wauzaji wanaotengeneza faida kwa povu wapo, hatubishi.

Povu likizidi, mara nyingi chanzo ni joto. Pipa letu linakaa kwenye nyuzi 3 hadi 4 za Selsiasi; likipanda hata nyuzi chache, gesi inakosa utulivu. Ndiyo maana unaweza kuliona pipa likishushwa kwenye gari jioni, ukaagiza, ukaambiwa bado. Limetikiswa njia nzima na lina joto la nje. Linahitaji kama saa 24 za kupoa na kutulia, na tukilifungua mapema nusu yake itaishia kwenye beseni. Glasi ya kwanza ya siku nayo tunaimwaga, maana bia iliyolala kwenye mpira unaoitoa kwenye pipa, karibu na koki, imepata joto.

Halafu kuna usafi wa mipira yenyewe. Hamira na bakteria hujishika ndani, na madini ya bia hujenga ukoko mgumu ambao vipovu huanzia hapo hapo. Tunapitisha dawa ya kusafishia kila baada ya wiki 2, tunafungua koki vipande vipande na kuisugua kwa brashi, kisha maji safi yanapita mpaka dawa yote iishe. Siku hiyo kaunta huchelewa kufunguliwa, na ndiyo sababu. Bia yenye harufu ya siki au siagi wakati si aina inayotakiwa kuwa hivyo, mara nyingi imepita kwenye mipira michafu. Ukiionja hivyo popote, usijilazimishe.

Kwa baa inayopika, shida kubwa zaidi huwa kinyume chake: bia iliyolala kama maji. Adui hapo ni mafuta. Glasi ikioshwa kwenye maji yaliyoosha sahani, utando mwembamba usioonekana unabaki, na povu likiugusa linakufa. Glasi zetu zina sinki lake, hazifutwi kwa kitambaa, zinakaukia kifudifudi kwenye waya. Unaweza kutukagua ukiwa umekaa. Itazame bia kwa ubavuni: vipovu vikiganda kwenye kioo, hapo pana uchafu. Glasi safi huachia pete ya povu kila unapopiga funda, hadi ukimaliza unaweza kuhesabu mafunda yako. (Rangi ya midomo na midomo yenye mafuta ya chakula navyo huua povu. Hilo halimo mikononi mwetu.)

Wapo wanaotaka glasi iliyogandishwa kwenye friza. Inapendeza machoni, lakini ule ukungu wa barafu huichokoza gesi, unapata povu jingi, kisha barafu inayeyuka kwenye bia. Tutakupa glasi iliyosuuzwa kwa maji baridi. Ukisisitiza tutakupa ya friza, ila usije kutulaumu kwa povu.

Bia ikiwa na kasoro, mwambie mhudumu mapema, si glasi ikibakia tone. Atakubadilishia bila maneno mengi na kutuarifu, nasi tutaangalia joto, gesi na mpira wa koki hiyo. Tukikuta tatizo ni letu, koki inafungwa mpaka itengenezwe, hata kama ni ya bia inayotoka kuliko zote.