Kosa Lilikuwa Hatua ya 4

Mwanangu,

Mchezo wako wa sataranji (chess) wa mazoezi nimeupata. Chini yake umeandika, "Nilikosea hatua ya 7." Hapana. Hatua ya 7 ndipo ulipozikwa. Ugonjwa uliupata hatua ya 4.

Upange ubao (herufi ni safu wima, namba ni mstari). Ulikuwa na kete nyeupe: askari e4, naye e5, farasi wako f3, wake c6, askofu wako c4, naye akamrusha farasi wake hadi d4. Askari wa e5 akabaki bila mlinzi, ukamla kwa farasi: hiyo ndiyo hatua ya 4. Malkia wake akatua g5, akimlenga farasi wako na askari wako wa g2 kwa mpigo. Ukaingiza farasi f7 ukidhani umemshika malkia pamoja na ngome. Malkia akala g2, ngome yako ikakimbilia f1, akala e4 huku akimshambulia mfalme, ukaziba kwa askofu e2, na farasi wake akatua f3. Kwisha. Mfalme amebanwa na watu wake mwenyewe, na askofu hawezi kumla farasi yule kwa kuwa akitoka tu e2, malkia anamfikia mfalme.

Ni mtego wa zamani, unaitwa Blackburne Shilling. Kuukariri ni kazi ya dakika tano na faida yake ni ndogo. Kilicho muhimu ni maneno uliyoandika pembeni: "askari wa bure." Hukujiuliza kwa nini farasi ameacha kumlinda. Ungemla farasi wa d4 kwa farasi wako, kisha ukamhifadhi mfalme upande wa ngome ya karibu, ungekuwa na mchezo mzuri bila jasho.

Basi kuanzia sasa, cheza mazoezi ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa hatua, si ya dakika tatu. Huko hakuna fikra za kuchambua. Andika kila hatua baada ya kuicheza, kamwe si kabla (hata sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, zinakataza), na muda uliobaki pembeni yake. Mkimaliza, muulize mwenzako alikuwa anaogopa nini. Mara nyingi aliogopa hatua ambayo wewe hukuiona kabisa.

Halafu kaa dakika 40 na ubao, kompyuta imezimwa. Tia alama mahali pawili au patatu mchezo ulipogeuka, uandike ulichofikiri wakati ule, hata kama kinakuaibisha. Ukiwasha Stockfish, ile programu ya kuchambua michezo, mapema, utaona jibu na kudhani ulilijua.

Ukishaiwasha, usihangaike na tofauti ya 0.2. Tafuta pale tathmini, yaani alama inayoonyesha nani yuko mbele, inapoporomoka kwa 1 au zaidi, ambayo ni thamani ya askari mzima. Usinakili hatua inayopendekezwa. Icheze ile yako, uone inavyoadhibiwa, mpaka uweze kunieleza sababu kwa Kiswahili cha kawaida.

Kila kosa lipe jina moja: sikuona, nilihesabu vibaya, nilipima vibaya, au muda uliniishia. La hatua ya 4 ni "sikuona". Ikifika michezo kumi, yahesabu majina hayo. "Sikuona" yakiwa mengi, weka vitabu vya ufunguzi kando ufanye mafumbo.

Mchezo ujao nitumie na muda wa saa. Huu haukuwa nao, nami nataka kujua ulitumia sekunde ngapi kabla ya kumla yule askari.

Mzazi wako