Barua ya wazi kwa mpwa wangu wa PCB (Fizikia, Kemia na Bios) anayetaka kusoma sayansi ya kompyuta

Mpwa wangu,

Habari za huko. Mama yako kaniambia umefurahi sana na matokeo, hongera, divisheni wani ya 9 sio kitu cha kubeza. Sasa ile meseji yako, "anko hivi CS wanataka nini", yaani digrii ya sayansi ya kompyuta, nimeona nisikujibu kwa voisi ya dakika mbili, maana swali hilohilo naulizwa kila mwaka Julai ikifika na ukimjibu mtu kwa kifupi anaenda kujaza vitu vya ajabu kabisa. Kwa hiyo naandika hapa mbele za watu na wenzako wasome.

Tuanze na namba. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanasema aliyemaliza form six ili aingie digrii ya kwanza lazima awe na prinsipo mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, halafu S, yaani sabsidiari, inapewa nusu ila S sio prinsipo kwa hiyo usijidanganye nayo. D mbili zinatosha, C na E zinatosha, E mbili hazitoshi. Na angalia usichanganye na hesabu ya NECTA, wale baraza la mitihani, ya divisheni, kule inaenda kinyume, A ni 1 na ukipata namba ndogo ndo umefaulu, huku TCU unatafuta namba kubwa. Wewe kwa bahati B ya Bios, C ya Kemia na D ya Fizikia zinakupa 9 kote kote, ndo maana ulikuwa unanichanganya kwenye simu.

Haya, mpaka hapo umeshavuka kile kiwango na chenji imebaki. Lakini kuna kimstari watu wanakiruka: hizo pointi 4 zinahesabiwa kwenye yale masomo mawili ambayo kozi yenyewe imeyataja kama masomo ya kuingilia, sio mawili yoyote uliyofaulu vizuri. Yaani kozi ikisema inataka Advansi Matematiksi pamoja na mojawapo ya Fizikia, Kemia, Jografia na kadhalika, basi B yako ya Bios haikusaidii kitu hata ungeipata kwa asilimia 79. Mwenye PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) aliyepata D ya Hesabu na D ya Fizikia anaingia, wewe mwenye wani unabaki nje, na wala hamna aliyekuonea.

Kwa hiyo swali la kwanza kwako sio una pointi ngapi. Ni hivi, BAM, ile Basic Applied Mathematics, ulipata nini? Maana kila kitu umenitajia mpaka GS (General Studies), BAM umeinyamazia. Najua PCB mnavyoichukulia BAM, somo la kujazia ratiba, mwalimu akiingia nusu ya darasa wanasoma Bios chini ya dawati, kwa sababu haihesabiwi kwenye divisheni. Sasa kwenye kozi za kompyuta BAM ndo inafufuka. Vyuo havifanani kwenye hili. Kuna programu zinataka prinsipo ya Advansi Matematiksi na hawana mjadala, na kuna zinazokubali prinsipo mbili za sayansi nyingine ila kama hukusoma Advansi Matematiksi wanataka angalau sabsidiari ya BAM, au wanarudi nyuma kabisa kuangalia Hesabu ya form four ulipata C au vipi. Hizo za aina ya pili ndo zako.

Utazijuaje? Kila mwaka TCU wanatoa gaidibuku, yaani kitabu cha mwongozo wa kozi na sifa zake, ni PDF, bure, ipo kwenye tovuti yao, na zipo mbili, moja ya waliotoka form six na nyingine ya wenye diploma, shusha ile ya kwanza. Usitegemee ya mwaka jana aliyokutumia rafiki yako kwenye grupu maana sifa zinabadilika. Kila chuo kina jedwali lake na kila kozi ina msitari wake, sifa za kuingia, nafasi zilizopo, miaka ya kusoma. Soma hiyo safu ya sifa polepole kama unasoma mkataba, neno "na" na neno "au" hapo yana kazi kubwa. Pia utakuta majina yanafanana fanana, sayansi ya kompyuta, IT, uhandisi wa kompyuta, programu za biashara na IT, usalama wa mitandao, na kila moja ina masharti yake. Pale UDSM kwa mfano, chuo chao cha mambo ya TEHAMA, CoICT, kipo Kijitonyama, CS ni miaka mitatu na ile ya uhandisi wa kompyuta na IT ni minne, kwa hiyo hata bajeti ya mama yako inabadilika.

Sasa ngoja nikwambie kwa nini wanang'ang'ania hesabu, maana najua unachofikiria, kwamba mbona yule jirani yenu anatengeneza tovuti na hesabu alipata F. Kweli anatengeneza, na mi simdharau, ila yeye anafanya kazi ya kutengeneza tovuti, digrii ya CS ni kitu kingine. Chukua mfano mdogo. Umepewa orodha ya wanafunzi 1,000 uangalie kama kuna jina limejirudia. Njia ya haraka kichwani ni kuchukua jina la kwanza ulilinganishe na yote yaliyobaki, halafu la pili, halafu la tatu, mpaka mwisho. Kwenye programu hiyo ni lupu ndani ya lupu, yaani kurudia ndani ya kurudia, unaiandika dakika tano na inafanya kazi vizuri tu. Mwalimu hatakuuliza kama inafanya kazi. Atakuuliza umelinganisha mara ngapi? Ni 999 ukijumlisha 998 ukijumlisha 997 hivyo hivyo mpaka 1, na hiyo ni sirizi uliyoisoma O-level, jibu lake ni 1,000 mara 999 gawa kwa 2, yaani 499,500. Orodha ikiwa ya watu 10,000, imeongezeka mara kumi tu, kulinganisha kunafika 49,995,000, karibu mara mia. Ukipanga majina kwanza kwa alfabeti kwa njia nzuri unahitaji kama 130,000 hivi, maana hapo inaingia logi ya 10,000 kwa beisi ya 2 ambayo ni 13 na kitu, kisha unapita mara moja tu kuangalia majirani. Kutoka milioni 50 mpaka laki moja na nusu, kompyuta ni ileile! Sasa hiyo ndo CS. Sirizi, logi, uthibitisho wa induksheni, matriksi, probabiliti. Kama huo mfano umekuchangamsha hata kama hukuuelewa wote, njoo. Kama umeuruka ukaenda aya inayofuata, rudi tuongee kuhusu kozi nyingine, na hamna ubaya wowote, famasia nayo inataka watu.

Tuseme umeingia. Digrii yenyewe nayo ina masharti yake na hapa ndo watu wanapotea kwa sababu wakishapata chuo wanadhani masharti yameisha. Kwa mfumo wa TCU digrii ya kwanza ni krediti zisizopungua 360, yaani 120 kila mwaka kwa miaka mitatu, na krediti moja inahesabiwa kama saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 ni saa 120 kwa semista, na humo ndani lekcha ni sehemu ndogo tu, zilizobaki ni tutorio, maabara, asaimenti na wewe peke yako na daftari. Anayehudhuria lekcha zote na kuishia hapo amefanya chini ya nusu ya kozi, afu analalamika pepa lilikuwa gumu.

Mwaka wa kwanza utakuta programingi, mara nyingi C, utakutana na pointa na zitakutesa mpaka siku moja zinaingia zenyewe. Hesabu za diskriti, kalkulasi, matriksi. Pamoja na hizo kuna DS, yaani stadi za maendeleo, na komyunikesheni skilsi, na hizi mbili nakuomba sana usizidharau. Watu wa kompyuta wanaingia DS na kiburi, hawaendi lekcha, wanakuja kusomea pepa usiku mmoja, anapata A ya programingi na sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya DS, na sapu ni sapu, haiangalii imetoka somo gani. Ukifeli na sapu unakeri, yaani unalibeba somo kwenda mwaka unaofuata, ukikeri somo la mwaka wa kwanza unalifanya mwaka wa pili huku ratiba inagongana, na wapo waliochelewa kuhitimu kwa somo la namna hiyo wakati projekti yao ilikuwa ya kwanza darasani. GPA, yaani wastani wa alama zako, ikishuka chini ya kiwango cha chuo unadisko, yaani unaondolewa chuo kabisa, hapo hata mjomba hana la kukusaidia.

Mwaka wa pili ndo mzito. Miundo ya data na algorithimu, database, opereting sistimu, mitandao, usanifu wa kompyuta. Wa tatu unachagua chagua masomo na unafanya projekti, na katikati hapo kuna PT, ile mafunzo ya vitendo ya likizo ndefu, unaandika logibuku, daftari la kazi ulizofanya, kila siku na inasainiwa. PT ina krediti zake, usiende kukaa ofisini unafotokopi barua halafu ujaze logibuku kwa kubuni, msimamizi akija kukutembelea akakuuliza umefanya nini utaona aibu.

Kitu kingine kinachoshangaza wageni, mtihani wa programingi unaandika kwa kalamu kwenye karatasi. Hakuna kompyuta ya kukupigia mstari mwekundu ukisahau semikoloni. Kwa vyuo vingi hapa kwetu kozi weki, zile asaimenti na testi za semista, ni 40 na UE, mtihani wa mwisho, ni 60, kwa hiyo fanya mazoezi ya kuandika kwa mkono toka mapema, iandike, ifuate mwenyewe kwa kidole thamani ya kila variabo, ndo uende kuijaribu kwenye mashine.

GPA yetu inaishia 5. Kwa UDSM 4.4 na kuendelea ni fasti klasi, 3.5 mpaka 4.3 ni apa sekondi, 2.7 mpaka 3.4 ni loa sekondi, 2.0 mpaka 2.6 ni pasi. Inapimwa kwa krediti, kwa hiyo B+ kwenye somo la krediti 12 ina uzito kuliko A kwenye somo la krediti 4, wanafunzi wengi wanalijua hili wakiwa wa mwaka wa tatu wakati lilitakiwa walijue wiki ya kwanza. Waajiri wengi wa kazi za programu hawatakuuliza GPA, watataka kuona ulichotengeneza, hilo ni kweli kabisa. Lakini masta wanataka 2.7 angalau, na ukitaka kubaki chuoni kama tutorio asistanti vyuo vya serikali vinataka 3.8, sasa kwa nini ujifungie mlango ukiwa na miaka 21?

Kama BAM yako ni F na Hesabu ya form four nayo haijakaa vizuri, bado hujaishiwa. Kuna njia ya diploma, na kwa prinsipo zako vyuo vingi vya kati wanakuanzishia NTA level 5 badala ya 4 (NTA ni ngazi za masomo za vyuo vya kati), kwa hiyo ni miaka miwili, ukitoka na GPA ya 3.0 au zaidi pamoja na pasi zako nne za form four unaomba digrii kwa mlango wa sifa linganifu. Wenye njia hiyo wakifika chuoni programingi inawakuta wameshakomaa, hesabu ndo inawakamata, kwa hiyo hata huko usiikimbie. Njia ya pili ni kukaa Advansi Matematiksi kama praiveti kandideti, yaani mtahiniwa wa kujitegemea. Mi kwa maoni yangu hiyo usiifanye peke yako nyumbani, silabasi ya Hesabu ya form five na six ni ndefu na hukuigusa, utapoteza mwaka na hela. Diploma ni bora, ingawa najua mama yako akisikia neno diploma baada ya wani atavimba, huyo niachie mimi.

Laptopu nayo umeniuliza. Core i5 ya mtumba yenye RAM 8 na SSD inatosha miaka yote mitatu, usimsumbue mtu na hizo za gemu. Kuanzia sasa mpaka vyuo vifunguliwe unayo miezi kadhaa, ukitoka JKT kama umeitwa, chukua kitabu cha BAM ulichokikimbia na kile cha Advansi cha binamu yako, fanya seti, logi, sirizi na matriksi kila asubuhi, jioni ndo ucheze na Python.

Kuhusu kuomba, siku hizi hakuna kupitia mfumo mmoja wa TCU kama ilivyokuwa zamani, toka 2017 unaomba moja kwa moja kwenye kila chuo unachokitaka. Usiende kwa yule kijana wa steshenari akujazie kwa imeili yake na namba yake ya simu. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unatumiwa kwa SMS kodi, yaani namba ya siri, ya kuthibitisha chuo unachokwenda, na kuna tarehe ya mwisho, sasa SMS ikienda kwenye simu ya mtu wa steshenari aliyebadilisha laini utakaa unasubiri wakati wenzako wameshathibitisha. Namba iwe yako, iliyosajiliwa kwa jina lako. Nitumie picha ya matokeo ya BAM leo, na kurasa za gaidibuku ulizozipigia mstari, Jumamosi nikitoka kazini nakupigia tuzipitie moja moja.

Wako,
Mjomba