Tarumbeta la ibadani na la ukumbini ni lile lile

Mhariri,

Kwa kuwa Jumamosi napiga ukumbini na Jumapili ibadani, hakosi mzee wa kuniuliza namtumikia bwana yupi. Naomba nafasi nimjibu hapa, maana kanisani huwa ananikatiza.

Nimelelewa na matarumbeta ya Walutheri hapa Kilimanjaro. Mwalimu wetu alitutaka tuimbe ubeti kwanza, ndipo tupulize, ili pumzi ikatike pale neno linapokatika. Baadaye nikamjua John Coltrane, mpiga saksofoni wa Marekani. Desemba 1964 alirekodi A Love Supreme, kazi ya sehemu nne. Katika ya mwisho saksofoni inaifuata sala aliyoiandika mwenyewe, silabi kwa silabi, bila yeye kutamka neno. Nikasema, kumbe! Na huyo alikuwa mtumwa wa heroini na pombe hadi mwaka 1957, alipoziacha, naye akaihesabu kuwa neema ya Mungu. Hakurekodia kanisani. Alirekodia studio, na wenzake watatu wa klabu za usiku.

Vijana huniuliza solo, ile sehemu ninayopiga peke yangu, hutoka wapi. Nyingi hutoka kwenye skeli, ngazi za noti ninazofanyia mazoezi asubuhi, ambazo majirani zangu wa Majengo wanazijua kuliko wangependa (wanisamehe). Ila zipo noti chache zinazokuja zenyewe, hasa nikishachoka kujionyesha. Nimezipata ibadani, nimezipata baa, na sijaweza kuzitofautisha. Mzee wangu akiweza, aje Jumamosi anionyeshe. Kiingilio nitamlipia.

Mpiga tarumbeta,
Majengo, Moshi