Mhariri, kuskani picha za familia sio mwisho wa kazi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme kuhusu picha za zamani za familia, maana siku hizi naona watu wengi wameamka, wanatoa maboksi uvunguni, wanaskani, wanarusha kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, kila mtu anaweka moyo, alafu basi, wanadhani zimeshahifadhiwa. Hazijahifadhiwa.

WhatsApp huwa inaibana picha ili ipite haraka, na taarifa zilizokuwa ndani ya faili kama tarehe na maelezo zinaondolewa humohumo njiani, kwahiyo ukija kuikuza au kutaka kuichapa upya sura zinavurugika. Grupu ni la kuonyeshana tu. Nakala ya kutunza iskani angalau nukta 600 kwa inchi kama ni ya karatasi, negativu na slaidi, yaani zile filamu zenyewe, kwa udogo wake zinataka 2400 kwenda juu, na usevu kwa TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora, maana JPEG, ile aina ya faili ya picha iliyozoeleka, kila ukiihariri na kuisevu tena inapoteza kitu.

Ila hayo ya mashine mtu anafundishwa siku moja akaelewa. Kinachoniuma mimi ni majina. Watu wanaskani mbele wanaacha nyuma, wakati nyuma ndiko kuna mwandiko wa babu, mwaka, muhuri wa studio, jina la mtoto ambaye leo hakuna anayemkumbuka. Skanini na mgongo jamani! Na kabla hata hujawasha skana kaa na wazee, mpe bibi picha mkononi, washa rekoda ya simu, muulize huyu wa kushoto nani, hapa mlikuwa wapi, nani alipiga, na akitoka nje ya mada mwache aendelee tu, mara nyingi jina linamjia akiwa kwenye stori nyingine kabisa. Alafu hayo majina yaingize ndani ya faili lenyewe kwenye sehemu ya maelezo, na jina la faili lianze na mwaka na mwezi, mfano 1974-06, zitajipanga zenyewe. Nyuma ya picha ya karatasi usiandike kwa biki, wino unapenya na kalamu inaacha alama mbele, tumia penseli laini.

Kama ni nyingi na hujui uanzie wapi, anza na za rangi za miaka ya 1970, nyingi zinapauka hata zikiwa gizani, zinabaki wekundu mtupu, wakati za nyeusi na nyeupe zikitunzwa vizuri zinadumu zaidi. Na zile zilizo kwenye albamu za kurasa za gundi na nailoni juu, gundi ile inazila taratibu. Ukiona picha imeng'ang'ania usiivute, iskani hapohapo na ukurasa wake.

Nakala ziwe 3, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na 1 ikae nyumba nyingine kabisa. Nasema hivi kwasababu kuna wanaotegemea akaunti ya mtandaoni peke yake, na Google tangu Desemba 2023 walianza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijaguswa miaka 2, sasa mwenye akaunti akifariki na nywila anaijua yeye tu, mnabaki na nini? Na zile za karatasi msizitupe hata kidogo, diski inakufa bila kuaga, na skana za kesho zitaona zaidi ya hizi za leo.

Mhariri, mngetusaidia sana mngetenga hata kakona kadogo mara moja kwa wiki, mkatoa picha moja ya zamani ambayo mwenyewe hajui waliomo, wasomaji wakawatambua.

Msomaji wenu